Anayefungua Oveni

Mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na majirani wote walimwita Bosi, kwa sababu tangu apate maneno matatu ya kwanza aliyatumia yote kuamrisha watu.

Jumamosi hiyo asubuhi Bosi alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya meza ya jikoni, akitia sukari kwenye bakuli kwa kikombe cha plastiki. Mama yake mdogo alisimama nyuma yake. Mkono mmoja ulishika bakuli, mwingine ulishika suruali ya Bosi kiunoni, asije akaanguka.

"Moja," alisema Bosi.

"Moja."

"Mbili."

"Mbili. Basi, sukari inatosha."

"Tena."

"Tena ni ya mayai, Bosi. Sukari haina tena."

Bosi alijua kuhesabu mpaka mbili tu. Baada ya mbili kulikuwa na "tena", na baada ya hapo hakuna kitu. Kwa hiyo mapishi ya nyumba ile yalikuwa yamepangwa upya. Vikombe vinne vya unga vilikuwa moja, mbili, wanapumzika, moja, mbili. Mayai matatu yalikuwa moja, mbili, tena. Keki ilitoka vilevile.

Mama mdogo huyo, ambaye Bosi alimkatia jina akawa Madogo, alikuwa fundi cherehani. Alishonea nyumbani, kwenye chumba cha mbele, na alikuwa mtu wa maneno machache. Mwaka uliotangulia dada yake alipata nafasi ya kusomea ufundi wa kutengeneza meno ya bandia, miezi kumi, mji wa mbali, kwenye bweni lisiloruhusu watoto. Baba yake Bosi alikuwa ameshika njia yake zamani. Dada alikuja na mtoto mgongoni na begi mkononi, akamwambia mdogo wake, "Sina mwingine." Madogo akajibu, "Mlete," na tangu siku hiyo cherehani ililia pale tu Bosi alipolala.

Mwezi wa tano wa kozi dada alikuja kumtazama mwanawe. Bosi alijificha chini ya cherehani akalia mpaka akatapika. Dada aliondoka siku moja kabla ya siku yake. Baada ya hapo walionana kwa simu tu, na Bosi alikuwa amejua kitufe chekundu kiko wapi.

Sasa kozi ilikuwa imekwisha, kazi imepatikana, chumba kimepangwa. Dada alikuwa afike saa tisa alasiri, alale usiku mmoja, na kesho yake aondoke na mwanawe. Madogo aliomba jambo moja tu: mtoto aende na mama yake bila kuburutwa. Hilo ndilo aliloomba kwa sauti. Kimoyomoyo alitaka Bosi alie kidogo. Si sana. Kiasi cha kuonyesha kwamba miezi kumi haikwenda bure. Alilionea haya wazo hilo, lakini halikuondoka.

Siagi na sukari zilikuwa zimeanza kushikana mlango ulipogongwa. Saa nne haijafika.

"Hodi humu."

Dada alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Umewahi, dada."

"Nilishindwa kukaa, mdogo wangu. Nimeamka saa tisa usiku nikavaa kabisa." Akamgeukia mtoto. "Shikamoo, bosi wangu."

Bosi alikuwa ameshashuka kwenye ndoo. Alikumbatia mguu wa Madogo kwa mikono yote miwili, uso ndani ya sketi, siagi nayo ndani ya sketi.

"Njoo kwa mama."

"Sitaki."

"Njoo tu unisalimie."

"Sitaki."

Dada alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Kwenye simu alikuwa ananikata," alisema. "Hapa anatafuta kitufe."

Madogo alihisi ile mikono midogo ikimkaza gotini, na kifuani mwake kikapita kitu cha furaha, kidogo lakini cha wazi. Akamtazama dada yake, aliyekuwa bado ameshika viatu. Ile furaha ikamgeukia ikawa kama amekamatwa na kitu cha wizi mkononi.

Akavua aproni.

"Vaa hii," alimwambia dada.

"Mimi? Mimi nachonga meno. Keki yangu itawavunja watu mataya."

"Oveni imeshapata moto. Bado unga, mayai na maziwa. Bosi anajua." Alichuchumaa, akamtoa mtoto kwenye sketi taratibu mpaka wakatazamana. "Bosi, nisikilize. Huyu mgeni hajui kuoka. Hata kidogo. Mimi naenda kumpima jirani gauni. Mfundishe."

Neno mgeni lilimchoma dada, lilionekana lilipopita. Alilimeza. Bosi alimtazama mama yake kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Hajui?" aliuliza.

"Hajui kabisa," alisema dada.

Madogo alichukua futi yake ya kupimia, akaivaa shingoni, akatoka bila kugeuka nyuma. Alijua akigeuka hatoki.

Kwenye baraza la pamoja jirani yake, msusi, alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, kichwa cha mteja kati ya magoti yake. Dirisha la jikoni la Madogo lilikuwa juu yao, wazi.

"Umefukuzwa kwako?" aliuliza msusi.

"Nimekuja kukupima."

"Si ulinipima juzi?"

"Labda umenenepa."

"Kati ya juzi na leo? Kwa chakula kipi?" Lakini msusi alisikia sauti mbili kutoka dirishani, ya mtoto na ya mwanamke, akaelewa. Akasimama, akainua mikono. "Haya, pima. Na upime polepole."

Madogo alimpima kifua, kiuno, nyonga. Hakuandika kitu. Huko ndani kulisikika hivi:

"Moja, mbili, tatu..."

"Siyo tatu."

"Kumbe ni nini?"

"Tena."

"Samahani. Moja, mbili, tena."

"Siyo hivyo. Weka huku."

"Hivi?"

"Siyo hivyo."

Kitu kilianguka sakafuni, kitu cha majimaji. Madogo aliacha kupima, futi imemzunguka msusi kiunoni.

"Yai limekufa," alisema Bosi.

Dada akaangua kicheko, safari hii cha kweli, na mteja aliyekuwa anasukwa akacheka pia.

Bosi akiwa bado anaongea na yai la sakafuni, mlango wa oveni ulilia, ukafungwa haraka. Madogo akaangalia saa. Dakika arobaini. Alimpima msusi tena, akampima na mteja ambaye hakuwa ameagiza nguo yoyote, kisha akakaa ngazini. Kutoka dirishani zilikuja sauti za maji na sahani, na Bosi akieleza jambo refu lisilo na mwisho kuhusu paka.

Zilipofika dakika arobaini na mbili, harufu ya keki ilikuwa nzuri. Zilipofika arobaini na tano, ilikuwa imepita uzuri.

"Imeiva, Bosi. Naitoa," alisema dada.

"Hapana. Mkekani."

Madogo alifumba macho. Alikuwa amesahau mkeka. Siku ya kwanza kabisa aliyooka na mtoto alitandika kimkeka kwenye mlango wa kuingilia jikoni, akampa sheria moja: oveni ikifunguliwa, Bosi anasimama mkekani, mikono nyuma, mpaka ifungwe. Bosi hakuwahi kuivunja. Aliipenda sheria hiyo kuliko keki yenyewe.

"Sawa, wewe kaa mkekani. Mimi natoa."

"Na wewe. Mkekani."

Nyayo zikasikika. "Haya, nipo mkekani. Sasa nani anafungua?"

"Madogo."

"Madogo hayupo."

Harufu ikaanza kuwa chungu. Madogo alisimama.

"Keki yako inaungua," alisema msusi.

"Naisikia."

"Unaisikia na unaichekea?"

"Nikiingia, nitakuwa nimeitoa mimi."

Msusi akarudi kwenye kichwa cha mteja wake.

"Madogo," aliita Bosi ndani. Sauti ilikuwa imeanza kutetemeka. "Madogo."

Madogo alifika mlangoni akashika kitasa. Kilikuwa kitasa chake, mlango wake, oveni yake, na mtoto aliyemwita kwa jina alilompa mwenyewe. Kukizungusha ilikuwa kazi ya sekunde moja. Alikishika tu.

Dada alizungumza polepole, kwa sauti ya chini. "Bosi, hata mimi naiogopa hiyo oveni. Ina moto?"

"Moto."

"Mkali?"

"Mkali sana."

"Mimi sitaki kuungua. Nikitaka kuifungua, nifanyeje?"

Mwishowe Bosi akasema, "Kitambaa."

"Kiko wapi?"

Nyayo ndogo zilikimbia, droo ikavutwa, nyayo zikarudi. "Shika. Moja. Mbili."

"Nimeshika. Na wewe?"

"Mkekani."

"Mikono?"

"Nyuma."

Mlango wa oveni ulilia. "Polepole," alisema Bosi. "Usisogeze uso." Alisema hivyo kwa sauti ya Madogo, mpaka ile namna yake ya kuvuta neno uso. Nje ya mlango, Madogo alikiachia kitasa.

Keki ilikuwa imeungua upande mmoja na kubonyea katikati. Waliila wote ngazini, pamoja na msusi na mteja wake mwenye nusu kichwa cha mabutu. Msusi alisema ameshawahi kula tofali laini kuliko hiyo. Dada akamwambia asijali, meno atamtengenezea. Bosi alikaa ngazi ya chini kabisa, akaukata upande mweusi kwa vidole, akampa mama yake.

"Kula," aliamuru.

Dada alikula wote.

Baadaye, Bosi alipoanza kufikicha macho, Madogo aliinuka kwa mazoea. Akakaa tena. "Anapenda kulazwa ubavu wa kushoto," alimwambia dada yake. "Na umkune mgongo, siyo kumpigapiga. Ukimpigapiga anaamka."

"Mgongo. Nimesikia."

"Akiuliza swali akiwa na usingizi, usimjibu kwa urefu."

Dada alimbeba. Bosi aliegemeza kichwa begani kwake kama mtu aliyechoka na kazi.

Asubuhi ya Jumapili begi lilikuwa mlangoni. Bosi alivaa shati alilolishona Madogo, akamshika mama yake kidole kimoja. Walipofika getini akasimama, akageuka.

"Madogo, unabaki?"

"Nabaki."

Akafikiri. "Haya," alisema, akamvuta mama yake waende.

Madogo alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alikuwa na maneno ya kubembeleza, hata pipi mfukoni. Kwa lile neno "haya" hakuwa amejiandaa na kitu. Alisimama mpaka wakakata kona, kisha akaingia ndani akakaa kwenye cherehani, kwa kuwa kulikuwa na sare nne za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu, na sasa aliweza kushona saa yoyote aliyotaka. Alishona bila kusimama kwa nusu saa. Alipoinua shati la kwanza alitazame kwenye mwanga wa dirisha, aliona amelitia mikono miwili, yote ya kushoto.

Akatafuta wembe, akaanza kufumua.