Kunde za Mbele ya Ofisi

King'ora cha kiwanda kilipolia saa moja asubuhi, Awinja alikuwa amekwisha kufunga vifungu kumi na viwili vya majani ya kunde, na cha kumi na tatu kilikuwa mkononi. Hakuzichuma nyumbani kwake. Miaka ile kila mtu kijijini Matete alikuwa amepanda miwa, na kwake miwa ilifika mpaka ukutani mwa jiko, asipate pa kuchomeka hata kitunguu. Unga alinunua, na chai alikunywa bila sukari, kwa kuwa bei ya dukani ilikuwa imepanda tena. Kunde hizi alizichuma mbele ya ofisi ya miwa, hatua tano kutoka dirisha la Karani Andati.

Ofisi hiyo ndiyo iliyotoa vibali vya kukata, na bila kibali hakuna panga lililoruhusiwa kugusa muwa. Miwa ya Awinja ilikuwa imepitisha miezi yake. Ilikuwa imetoa maua meupe, ya kumfurahisha mpita njia, lakini kwa mwenye shamba ni habari mbaya, maana muwa ukishatoa maua huanza kukauka kwa ndani. Na leo ilikuwa siku ya orodha ya mwisho kabla kiwanda hakijafungwa miezi mitatu kwa matengenezo. Akikosa jina lake leo, atakuja kuvuna kuni.

Sheria ya Andati ilikuwa fupi: jina likisomwa na mwenyewe asiitike, linarudi mwisho. Saa ya kusoma aliijua yeye peke yake. Basi wakulima walikuja kila siku wamevaa nguo za kanisani, maana ofisi ni ofisi, wakakaa kwenye benchi mikono magotini mpaka king'ora cha jioni. Awinja naye alivaa gauni lake la Pasaka wiki tatu mfululizo.

Jioni moja mumewe, Phanuel, alimuuliza ameshinda akifanya nini. Akasema amesubiri. Kesho yake akaulizwa, akasema amesubiri. Siku ya tatu, Phanuel alipofungua mdomo tu, Awinja akamwahi na kumwambia asiulize. Walicheka wote wawili. Lakini alipokuwa akisonga obusuma, ugali wa kwao, alijaribu kuzikumbuka siku zile moja moja, akakuta zote zimekuwa siku moja. Ilimuuma sana. Mtu mzima, mwenye mikono yake miwili, anaichukua siku nzima na kuiacha kwenye benchi kama mwavuli uliosahauliwa. Tena hakuna aliyemnyang'anya. Alikuwa akiipeleka mwenyewe, amejipaka na mafuta.

Kesho yake alikwenda na jembe, gauni la shamba, na mbegu za kunde alizofunga kwenye pindo la leso. Mbele ya ofisi palikuwa na kipande cha nyasi ambacho askari wa ofisi alikifyeka kila Ijumaa kisha kikaota upya, kazi isiyo na kichwa wala miguu. Awinja akaanza kulima. Mzee Wanyama, jirani yake wa benchi, aliona aibu kwa niaba yake. Alimsihi afiche hilo jembe, Karani asije akadhani wameidharau ofisi. Siku ya pili mzee huyo huyo alishika ufito akawa anafukuza kuku. Siku ya nne alivua koti la kanisani na kuomba zamu ya jembe. Baada ya hapo benchi lilichangamka: huyu anabambua njugu, yule anasuka kikapu, na maongezi yakawa na ladha. Andati alichungulia dirishani, akavuta pazia.

Mwezi ukapita hivyo, na leo kunde zilikuwa tayari.

Saa nne Andati alitoka na karatasi. Alisoma majina saba, na watu saba wakaitika. Kisha akaikunja karatasi. Awinja akamfuata mlangoni.

"Na mimi, Karani?"

"Mama, utaitwa."

"Lini?"

"Mkubwa hajaweka sahihi. Mimi nasomanga tu ile nimepewa."

Awinja alitazama vifungu vyake, kisha akatazama udongo uliobaki wazi kando ya kunde.

"Sikia, Karani," alisema. "Nikiitwa baada ya mwezi mmoja, hiyo ni kunde. Nikiitwa baada ya miezi mitatu, hiyo ni maharage. Mimi sikatai kungoja. Niambie tu nipande nini."

Andati aligeuka akatazama tangazo la kufungwa kwa kiwanda lililobandikwa mlangoni. Alilitazama kwa muda mrefu kwa mtu aliyelibandika mwenyewe.

"Panda maharage," alisema kwa sauti ya chini.

"Na mimi, jina langu liko ukurasa wa tatu wa orodha, nipande nini?" Mzee Wanyama akauliza.

"Wewe mzee, panda miti."

Benchi zima liliangua kicheko, na Andati mwenyewe kikamponyoka kabla hajakizuia. Awinja alicheka pia, lakini hakuondoka mlangoni.

"Niandikie," akasema.

"Nikuandikie nini?"

"Hiyo ya maharage. Askari asikuje kufyeka akisema sina kibali."

Andati alimkazia macho, akaingia ndani. Wakasikia droo ikifunguliwa, kisha muhuri ukigongwa mezani. Alirudi na karatasi: Mama Awinja ameruhusiwa kupanda maharage mbele ya ofisi, msimu mmoja. Chini yake kulikuwa na tarehe, sahihi, na muhuri wa zambarau ambao wino wake haujakauka.

Ilikuwa karatasi ya kwanza yenye muhuri aliyopewa na ofisi ile tangu mwaka uanze. Awinja aliipuliza ikauke, akaikunja na kuitia kifuani, akamkabidhi Karani kifungu kimoja cha kunde. Halafu akachukua jembe na kumwambia Mzee Wanyama asogeze miguu.