Askofu na Shimo la Jikoni

Genoveva hakumpenda yule ndege siku ya kwanza, na hakuficha. Alikuwa kasuku mweupe, mkubwa kama jogoo mchanga, mwenye kishungi cha manjano alichokisimamisha kila aliposhtuka au kufurahi. Watoto wa kijijini kwao, Nakwa, walipokiona walisema ni kofia ya askofu, na jina likamganda. Aliachwa na sista mmoja wa kigeni ambaye Genoveva alimpikia kwa miaka sita. Siku ya kurudi kwao sista alilia, akamkabidhi tundu na masharti: ndege asiachwe peke yake, maana akiachwa atajinyonyoa manyoya abaki kama kuku wa kuchemsha, apewe alizeti kila siku saa kumi, na akunwe shingoni.

Kusema alisema, ila kwa hiari yake. Sista alimfundisha "Tumsifu Yesu Kristo" mwaka mzima, asiambulie hata "Tumsifu". Lakini siku Genoveva alipokutana na nyoka kwenye kuni na kupiga kelele, "Mama yangu, nakufa!", jioni hiyohiyo Askofu aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya Genoveva mwenyewe, mtetemo na yote. Neno lililosemwa kwa utulivu lilimpita. Lililosemwa kwa hofu alilidaka papo hapo.

Na mwaka huo wa themanini na tatu, Babati ilikuwa na hofu nyingi kuliko sabuni. Serikali ilikuwa inawasaka walanguzi, na kila siku palisikika jina la mtu aliyechukuliwa na bado hajarudi. Watu wazima, wenye heshima zao, walitupa katoni za sabuni chooni. Genoveva alikuwa na nusu gunia la sukari. Hakuwa mlanguzi, wala hakujua kulangua. Ilikuwa sukari ya chai ya harusi ya binti yake Hilaria, aliyoikusanya kidogo kidogo kwa miaka miwili. Ila mumewe, Aniceti, alikuwa karani wa ghala la ushirika. Sukari ikikutwa nyumbani kwa karani, nani atasikiliza habari za harusi? Aniceti angeingia ndani, basi.

Kwa hiyo Genoveva alichimba shimo jikoni, kando ya mafiga, akalishusha gunia, akafunika kwa jiwe bapa na majivu. Hapo ndipo alipokosea. Alizeti nayo ilikuwa imeadimika, na panya hawakuwa na huruma, basi akaliweka kopo la Askofu humohumo, juu ya gunia. Kila saa kumi alisogeza jiwe, ndege kasimama pembeni akitazama. Wiki haikuisha, Askofu akawa anakuja mwenyewe kusimama juu ya lile jiwe na kuliparura.

"Mama Hilaria, huyu ndege atatufunga," Aniceti alisema.

"Atakufunga wewe," Genoveva alimtania. "Karani ni nani hapa?"

Aniceti alicheka, lakini si sana.

Ijumaa moja, saa tisa hivi, jirani yake Skolastika aliita kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa, sauti imemkauka. "Mama Hilaria! Mgambo wako kwa Konstantini. Wanachimba mpaka zizini!"

Genoveva alikimbilia jikoni. Sukari hakuweza kuihamisha. Mchana kweupe angeipeleka wapi? Alimkamata Askofu akamfungia tunduni, naye akapiga ukelele ambao hata sokoni waliusikia. Akamtoa. Akamfungia chumbani, akasikia mlango unavyotafunwa. Akamtoa tena, na ndege, bila kupoteza muda, akatembea moja kwa moja hadi kwenye jiwe.

Ndipo alipochukua kisu.

Alimpakata, mkono mmoja shingoni. Askofu alidhani ni wakati wa kukunwa. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, manyoya ya shingo yakafunguka yenyewe mbele ya kisu. Genoveva alijiambia ni ndege tu, kuku wangapi amechinja. Kisu kikabaki pale pale hewani. Mwishowe alikitupa chini ya kinu akaanza kumkuna, machozi yakimtoka kwa hasira ya kushindwa.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Leonsi, balozi wa nyumba kumi, na mgambo wawili. Mmoja alishika mtaimbo.

"Karibuni. Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Mama Hilaria. Tunapita kila nyumba, usione tumekuonea."

Walipekua chumbani, wakapekua darini, wakatoboa kihenge cha mahindi. Genoveva alikaa jikoni juu ya jiwe la shimo, ndege mapajani, akimkuna bila kupumzika. Mradi vidole vilikuwa vinakwenda, Askofu alitulia. Lakini saa kumi ilikuwa imefika, na tumbo lake halikuhitaji saa ya ukutani. Alisimamisha kishungi, akaruka chini, akaanza kuparura majivu kando ya miguu yake na kupiga kelele.

Mgambo mwenye mtaimbo alisimama mlangoni akitazama. "Anatafuta nini huyu?"

"Ana njaa tu, mwanangu."

"Mbona anatafuta hapo?" Alimtazama ndege, kisha jiwe, kisha mama. "Hebu inuka, mama."

Genoveva aliinuka. Mtaimbo uliingia chini ya jiwe. Akilini aliiona kamba mikononi mwake, akaliona lile gari lisilorudisha watu, na kabla hajajua anachofanya, mdomo wake ulikwisha funguka.

"Ni ya Baba Hilaria!" alipiga kelele. "Ni ya Baba Hilaria! Mimi sijui kitu!"

Jiwe likapinduka. Ndani palikuwa na kopo la alizeti. Kopo peke yake.

Askofu alishuka shimoni, akatumbukiza kichwa koponi, akaanza kupasua mbegu kwa raha zake.

"Nini ya Baba Hilaria?" mgambo aliuliza.

"Ali... alizeti," Genoveva alisema.

Leonsi alilitazama shimo, ambalo hata mtoto angeona ni kubwa mno kwa kopo moja. Kisha akacheka kwa nguvu. "Mwanamke nusura azimie roho kwa chakula cha ndege! Twendeni, bado nyumba nne." Alipotoka, alisukuma udongo kidogo shimoni kwa kiatu chake, bila kumtazama Genoveva usoni.

Jioni Aniceti alirudi kwa baiskeli. Alikaa jikoni, na mkewe akamwekea chai kavu.

"Sukari niliitoa asubuhi, ulipokwenda misa," alisema kwa sauti ya chini. "Niliifunga kwenye baiskeli, nikaifunika kwa majani ya ng'ombe, nikaimwaga ziwani. Hilaria atanisamehe. Viboko leo wamekunywa chai ya harusi." Alijaribu kutabasamu. "Sikulala, Mama Hilaria. Mimi mchana niko ghalani, wewe ndiye uko nyumbani. Nikawaza, wakiikuta watakufunga wewe kwanza. Ningekimbia kituoni kusema ni yangu, lakini ningefika kwa wakati?"

Genoveva alitaka kumshika mkono. Alitaka kumwambia yeye mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Nyuma yake alisikia kucha zikikwaruza ukingo wa kinu. Akageuka upesi, akanyoosha mkono ili amkune shingoni, lakini kishungi kilikuwa kimekwisha simama.

"Ni ya Baba Hilaria!" Askofu alisema, kwa sauti ya Genoveva, mtetemo na yote. "Mimi sijui kitu!"

Aniceti alimtazama ndege. Kisha akamtazama mkewe, kwa muda mrefu, akasubiri. Genoveva alifungua mdomo, na safari hii hakikutoka kitu.

Aniceti akachukua kijiko, akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.