Jina la Ragnhild Kileleni

Saa nne na nusu asubuhi ya Jumapili, Oddrun alimaliza kufunga meno ya chuma chini ya viatu vyake, akatia machungwa matatu mkobani. Moja lilikuwa lake, la pili la Eilert, na la tatu la Ragnhild, mke wa Eilert, aliyekufa Februari ya mwaka uliopita na ambaye bila shaka alikuwa ameshafika kwenye jiwe la njia panda.

Njia huanzia kwenye ufuko wa Sandvika, ambako theluji hufunika mchanga mpaka pale maji yanapoishia, kisha hupanda mlima Kvitnakken. Katikati kuna jiwe. Kulia ni kileleni. Kushoto ni mteremko wa kwenda kwenye ufuko mdogo usio na nyumba. Kileleni kuna sanduku la chuma lenye daftari, na anayefika huandika jina lake. Majira yakiisha, chama cha michezo cha kijiji husoma daftari, na mwenye safari kumi hupewa kikombe. Watu wazima wenye wajukuu wamenuniana kwa ajili ya kikombe hicho.

Oddrun na Eilert walimkuta Ragnhild amekaa juu ya jiwe na kofia yake nyekundu. Theluji ilimwangukia usoni na haikuyeyuka. Alianza kuja mwezi Novemba. Chama kilimjadili kikaoni, baada ya suala la keki, kikaamua kwamba anaruhusiwa, ila safari za kuishia njiani hazihesabiwi.

"Mmechelewa," alisema.

"Mlaumu mumeo, shoga," Oddrun alimjibu. "Anatembea kama amebeba jiko mgongoni."

"Nimebeba zawadi, mdomo wewe," alisema Eilert. Akatoa kikombe cheupe chenye jina la Ragnhild kwa rangi ya buluu. Chama kilikuwa kimekichelewesha kwa heshima ya msiba. "Safari kumi, mke wangu. Ya kumi ndiyo ile."

Akammiminia kahawa. Ragnhild alikishika kikombe kwa mikono miwili, na kahawa ikaganda.

"Sikufika," alisema.

"Umeanza! Siku zote unajishusha. Jina lako limo."

Jina lilikuwamo kweli, kwa mkono wa Oddrun. Siku ile ya safari ya kumi Ragnhild alichoka hapo kwenye jiwe, akasema anateremka ufuko mdogo kutazama mawimbi, na kwamba atarudi nyumbani mwenyewe. Oddrun alifika juu peke yake, akaandika majina mawili, kwa kuwa shoga yake alikuwa amebakiza safari moja tu. Kijiji kizima hufanya hivyo na hakuna anayesema ni wizi. Jioni Ragnhild hakuonekana. Waokoaji walifungua daftari kwanza, kisha mkuu wao akamuuliza Oddrun, mbele ya wanachama wote, kama walifika wote wawili. Oddrun aliona aibu kukiri. Akasema ndiyo, wakaachana juu. Basi wakatafuta ng'ambo ya kilele siku tatu. Siku ya nne walimkuta ufuko mdogo, mguu umevunjika. Daktari alisema aliishi siku mbili. Watu wakaamini kwamba alipotea njia wakati wa kuteremka.

"Niliisikia helikopta," alisema Ragnhild, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za basi. "Siku mbili. Ilikuwa inazunguka upande wa pili."

Eilert akamsogelea. "Siku ya pili walitaka kwenda kutazama ufuko mdogo. Mimi ndiye niliyewakatalia. Niliwaambia mke wangu alifika juu, atafutwe huko. Nisamehe."

Alisema hivyo kila Jumapili. Tangu Novemba alikuwa amekonda, na suruali yake sasa aliifunga kwa kamba. Ragnhild alikuwa anamtazama Oddrun, bila chuki, kama mtu anayengoja zamu yake dukani.

Oddrun alikuwa na maneno matano, na alikuwa ameyafanyia mazoezi jikoni wiki nzima: mimi ndiye niliyeandika jina lake. Yangemtoa yule mzee kwenye adhabu isiyo yake. Alifungua kinywa.

"Chungwa?" akasema.

Ragnhild akalipokea. Lilikuwa gumu kama jiwe kabla hajalimenya.

Oddrun na Eilert wakaendelea kupanda. Kileleni jua lilichungulia juu ya bahari kwa dakika chache, na milima yote ikawa ya waridi. Eilert alilitazama mpaka likazama, akafuta pua kwa glavu.

"Niandikie wewe," alisema. "Vidole vyangu vimekufa ganzi."

Oddrun akaandika jina la Eilert, akaandika la kwake, akataka kufunga daftari.

"Na yeye."

"Chama kimekataa, Eilert. Hafiki huku."

"Mwandikie tu, Oddrun. Nani atadhurika?"

Upepo ulikuwa unapeperusha kurasa. Oddrun alizibana kwa kiganja, akaandika.

Chini, kwenye njia panda, kofia nyekundu iliinuka kutoka kwenye jiwe, ikashika njia ya kushoto, ya kwenda ufuko mdogo.