Nani Atamwambia Mshale Basi

Fundi mitambo alikuwa amelala chali chini ya jukwaa, akitafuta waya uliokuwa ukikoroma, wakati nesi alipoingia ukumbi wa shule na picha ya marehemu baba yake kwapani, tayari kwa hafla ya kumkumbuka. Aliitundika, akarudi nyuma, akaona imekaa upande, akairudia. Kwenye picha marehemu alikuwa na filimbi shingoni, amekunja uso kwa sababu ya jua. Madirisha ya upande wa kiwanja yalikuwa wazi, na kila baada ya muda hatua za Mshale zilipita nje, nyepesi, sawasawa, kisha zikapotelea kwenye kona.

"Tufunge huko?" fundi aliuliza. "Hizo hatua zitaingia kwenye maiki."

"Acha ziingie," nesi alisema.

Mshale alikuwa amekufa miaka mingi nyuma, kwenye kiwanja hichohicho, siku ya mashindano. Wiki iliyofuata maziko yake alirudi kukimbia. Walimu wa michezo waliwafundisha wanafunzi wamwachie njia ya ndani, na wakata nyasi walijua kumpisha. Hakukua, hakukonda. Raba tu ndizo zilizokwisha soli, na baba yake nesi ndiye aliyemnunulia mpya. Mama yake Mshale, ambaye alikuwa fundi cherehani, alimshonea bukta nyingine kila rangi ilipopauka.

Marehemu alifundisha jiografia asubuhi na riadha jioni. Mwanafunzi akichelewa darasani, hakumchapa. Alimpa chaki achore ubaoni ramani ya njia aliyopitia, na aoneshe mahali alipopotelea. Wengi walijifunza ramani kwa namna hiyo. Siku ile ya mashindano Mshale aliamka na homa, na kocha wake huyo akamwondoa kwenye timu. Mkuu wa shule akamrudisha. Wageni walikuwa wameshakaa, alisema, na walikuja kumwona msichana huyo. Kocha alipobisha, mkuu alishuka mwenyewe hadi mstarini, akamshika Mshale bega.

"Kimbia mpaka nikwambie basi," alimwambia.

Kwenye kona ya mwisho Mshale alianguka. Mkuu aliwaeleza wakubwa kwamba kocha alimficha habari za homa, na kocha akavuliwa timu. Kiwanjani hakuacha kwenda. Kila jioni, hata baada ya kustaafu, hata miguu ilipoanza kumsumbua, alikuwa pale na chupa ya maji. Mshale alipunguza mwendo, akanywa, wakaenda pamoja kidogo wakizungumza. Mwanzoni alimpulizia filimbi ili asimame.

"Samahani, Mwalimu," Mshale alimjibu kwa adabu. "Si wewe uliyenituma."

Sasa yule mkuu alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, lakini watu waliendelea kumwita Mkuu. Nesi alimsubiri mlangoni.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Tumepoteza mtu."

"Nina ombi. Ukimaliza kuzungumza, toka nje umwambie Mshale basi."

Mkuu alisikiliza hatua zikipita. "Leo ni siku ya baba yako, mwanangu."

"Ni yeye aliyeniachia ombi hili. Alilirudia mpaka sauti ikamkauka. Neno moja tu, Mkuu."

"Hilo neno moja ndilo litakalozua maswali. Watu watauliza kwa nini ni mimi."

"Waulize."

Mkuu alimpigapiga bega kwa upole, akaenda kukaa mbele.

Zamu yake ilipofika, alizungumza vizuri, bila karatasi. Alisema marehemu alikuwa mwalimu wa kweli, wa zamani, mkali. "Hata mwanafunzi akiumwa, mwenzetu alitaka ushindi," alisema, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Tumsamehe. Aliipenda shule hii kupita kiasi."

Nesi alisimama. Hakuwa kwenye ratiba.

"Baba alimtoa kwenye timu," alisema. "Wewe ulimrudisha. Yuko hapo nje. Mwambie basi."

"Dada, kaa tafadhali," mshereheshaji alinong'ona. "Dada, tuna wageni."

Katikati ya ukumbi fundi cherehani naye alisimama, bado ana tepu ya kupimia shingoni kwa kuwa alitoka kazini moja kwa moja. "Mwambie, baba," alisema. "Mwanangu amechoka."

Mkuu aliwatazama wageni wa wizara, akaitazama picha ukutani, akatabasamu. "Twendeni nje," alisema.

Fundi mitambo aliuvuta waya wa maiki hadi ukingoni mwa kiwanja. Watu walijipanga kando ya njia, waliokuwa na simu wakaziinua. Mshale alitokea kwenye kona, akamwona aliyesimama na maiki, na kwa mara ya kwanza tangu afe alisimama. Miguu iliendelea kumchezacheza mahali pamoja. Aliinua uso, akangoja. Mama yake aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mkuu aliisogeza maiki mdomoni. Mgeni mmoja wa wizara alisogea mbele ili asikie vizuri.

"Hongera sana, binti," Mkuu alisema kwenye maiki. "Endelea hivyohivyo."

Watu walipiga makofi. Wa nyuma, ambao hawakusikia vizuri, ndio waliopiga zaidi. Mshale aliinamisha kichwa kama mtoto aliyefundishwa adabu, akaondoka kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana pale.

Wageni walirudi ukumbini kunywa chai, na baada ya chai kukazinduliwa kibao cha kukiita kiwanja jina la marehemu. Nesi alibaki ukingoni na chupa ya maji. Mshale hakupunguza mwendo tena. Alipita, akapita tena, midomo imemkauka.

Nesi alivua viatu, akapandisha gauni juu ya magoti, akamkimbiza. Alikuwa mtu mzima mwenye kiuno kibovu, na pembeni wanafunzi walimshangilia wakidhani ni mchezo. Alimfikia kwenye kipande kilichonyooka, akamtia chupa mkononi. Mshale alinywa huku akikimbia, akairudisha, akasema, "Asante, dada."

Kwenye kona pumzi zilimwishia nesi. Fundi cherehani alikuwa ameshasimama pale, kanga imefungwa kiunoni, uso ameuelekeza mbele, mkono ameutoa nyuma kama wafanyavyo wakimbiaji wa kupokezana. Aliipokea chupa bila kugeuka, akaanza kumfuata mwanawe.