Siyasar wa Kitanda cha Mlangoni

Ghausuddin alifika hospitali na bakuli la mchuzi wa kondoo, mkate wa moto umefunikwa juu yake, maana katika hospitali zetu za mji wa Herat chakula cha mgonjwa hutoka kwao. Nesi wa wodi ya wanawake akamzuia penye pazia. Wanaume hawapiti, ataje jina, mgonjwa apelekewe.

"Nimeleta cha siyasar wetu," akasema.

Siyasar, wenye vichwa vyeusi, ndivyo tunavyowaita wanawake wote kwa adabu: mke, dada, mama, humo humo. Mwanamume mwenye haya zake hataji jina la mkewe mbele za watu. Na benchini palikuwa na wanaume wa mtaani kwake, wakiwangoja mama zao waliopita ndani na chakula, mmoja wao Qurban muuza chai, mtu asiyejua kufunga mdomo. Ghausuddin hakuwa na mama wala dada wa kumtuma.

"Siyasar humu wapo kumi na mmoja," nesi akamwambia. "Yupi?"

"Mama Zalmai."

"Mama Zalmai wako wawili, kaka. Anaitwa nani?"

Masikio yakamwaka moto. Akasema atarudi, akaondoka na bakuli lake. Heshima gani hiyo ya kumshindisha mgonjwa na njaa? Lakini yeye aliiita heshima. Kesho yake akawahi mapema, akamkuta Qurban kashatangulia. Akasema tena Mama Zalmai tu, na mchuzi ukarudi nyumbani. Mwanawe Zalmai akauliza kama mama ameshiba, naye akajibu ndiyo, kisha akashindwa kumtazama mtoto usoni.

Siku ya tatu benchi lilijaa. Akasimama mbele ya pazia, jasho likimtoka.

"Gulandam," akasema. "Mke wangu anaitwa Gulandam."

Qurban akakohoa. Nesi hakwenda mbali. Alivuta pazia kidogo tu. Kwenye kitanda cha kwanza, hatua moja kutoka pale aliposimama siku zote tatu, Gulandam alikuwa ameketi, amekonda, mkononi kipande cha mkate alichomegewa na jirani.

Ghausuddin akamuuliza kwa kunong'ona kwa nini hakuitika, angalau akohoe.

"Nilikusikia juzi, na jana nikakusikia," Gulandam akasema. "Nilitaka nijue utaniacha na njaa siku ngapi."

Akapokea bakuli bila kumtazama. Nesi akarudisha pazia, na Ghausuddin akabaki amesimama pale, mikono mitupu, benchi zima likimtazama.