Gusa, Nenda

Fundi cherehani alifika hospitali na utepe wa kupimia bado ukining'inia shingoni. Mumewe, fundi wa mapaa, alikuwa ameteleza juu ya ghala asubuhi ile na kuangukia kichwa. Sasa alikuwa mahututi, mashine ikimsaidia kupumua. Mama mkwe alishatangulia, kajiinamia kwenye benchi.

Daktari bingwa, mgeni asiyejua Kiswahili, akatoka, akasema sentensi moja ya Kiingereza, kisha akaitwa, akarudi ndani mbio.

"Kasemaje?" mama mkwe akauliza.

Kiingereza cha fundi cherehani kilikuwa cha kuokoteza kwa wateja, lakini maneno mawili aliyadaka.

"Anasema tumguse, halafu twende."

"Basi ndiyo kuagana!" Mama mkwe akaangua kilio.

Sista akamwingiza mke kwanza. Mke akasimama kando ya kitanda, mikono kaifumbata mgongoni.

"Mshike mkono, dada. Umwongeleshe."

"Simgusi."

"Kwa nini?"

"Nikimgusa tu, mtaniambia nenda. Simgusi ng'o!"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Daktari wenu! Gusa, nenda. Mimi si kiziwi."

Sista alimkodolea macho, kisha akashusha pumzi.

"Ah, dada yangu. Huo ni msemo wao tu, 'touch and go'. Maana yake hali ni tete, huenda akapona, huenda asipone. Hakuna aliyekufukuza."

"Kwa hiyo daktari hajakata tamaa naye?"

"Hajakata. Ila sikudanganyi, hatujui kitakachotokea."

Hilo nalo halikuwa la kushangilia. Hata hivyo akaushika ule mkono, mzito, kucha zina lami, akaubana kama anayezuia mtu asivuke barabara.

"Wewe baba, usinifanyie hivyo," akamnong'oneza. "Unanisikia? Usithubutu."

Mashine ikaendelea kupuliza. Kutoka nje kilio kikazidi, akamkumbuka mama mkwe. Akachungulia mlangoni.

"Mama, nyamaza! Hajafa. Ni Kiingereza tu!"

"Kiingereza gani cha kuua watu?" mama mkwe akafoka, kamasi zikimtoka.

Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na roho zao zikapanda na kushuka nayo. Kesho yake mchana fundi wa mapaa akafumbua macho. Walipomtoa mpira kooni, neno lake la kwanza halikuwa la mapenzi. Aliuliza kama lile tundu la paa la ghala alilokuwa akiliziba limezibwa, maana mvua ilikuwa karibu.