Mtoto Aliyeshushwa kwa Mlango wa Tatu

Mchana wa jana, nikiwa nimeshiba wali maharage wa kantini, usingizi ulinichukua juu ya tasnifu yangu, nikaota nimembeba Kyu mgongoni kwa kanga.

Kyu ni umbo la hisabati, kanuni inayopokea namba na kurudisha nyingine. Kwenye karatasi huandikwa kwa herufi Q. Nimemlea miaka minne katika tasnifu hii nitakayoitetea keshokutwa, na kila nilichothibitisha humo kinategemea yeye asiwe sifuri. Ukimpa tatu, anakupa tisa. Ukimpa hasi tatu, anakupa tisa vilevile. Hana kinyongo kabisa.

Tulikuwa ghorofani. Nilimpandisha mwenyewe, kwa sababu ghorofani kila kitu huonekana kirahisi zaidi, na sasa nilitakiwa kumshusha kwa watahini. Kushusha huko ndiko sisi wa jiometri ya aljebra tunakokuita uhamisho. Katika tasnifu nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini kupita kiasi, kwamba umbo likipandishwa ghorofa pacha, yaani mfumo wa namba uliopanuliwa mara mbili, na kushushwa, hurudi mawili.

Kichwani mwa ngazi alikuwepo mlinzi. Alikuwa alama ya kutoa, amejilaza juu ya kiti, amevaa kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unashuka na huyo?"

"Ndiyo."

"Mbona hana msokoto?"

"Msokoto gani?"

"Binti yangu, umbo halishuki bila kusokotwa. Ndiyo utaratibu. Hukusoma?"

Nilisoma, nikasahau. Nilichomoa uzi kwenye pindo la kanga, nikausokota, nikamfunga Kyu mkononi. Mlinzi akaukagua, kisha akatupisha. Kwa wembamba wake haikuwa kazi kubwa.

Ninashuka vidato vinne, na ngazi ni kliniki ya watoto. Wanawake wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na umbo lake. Mezani yupo nesi aitwaye Nambua, ambaye angalau ni mtu. Ukutani kuna tangazo: "HAPA NI KUNDI LA WITT. UMBO LIKIKUTANA NA KINYUME CHAKE, YOTE MAWILI HUFUTWA. MSILIE." Nyuma ya nesi kuna mlango wa pili, wa ghorofa pacha, umepakwa rangi mpya, na mlango wa tatu, umepinda.

Mama aliyenitangulia anaingia mlango wa pili. Anatokea upande wa pili na kanga tupu.

"Mtoto yuko wapi?" namuuliza nesi.

"Amekuwa wawili, kila mmoja kinyume cha mwenzake, wametazamana, wamefutana."

"Lakini mimi niliandika kwamba wanarudi wawili!"

"Si ndiyo wamerudi wawili? Ulitaka wasitazamane?"

Yule mama anakunja kanga yake vizuri, pembe kwa pembe, anashukuru, anaomba abaki na kadi ya kliniki. Nataka kulia, ila tangazo linanikodolea macho.

Miaka minne yote nilikuwa nampeleka Kyu kwenye mlango ule ule, tena kwa hoja za kurasa kumi na moja, na hakuna mtu aliyenishika mkono akaniambia ngoja.

"Na mlango wa tatu?" nikauliza.

"Huko wanarudi watatu."

"Wawili wakifutana, atakayebaki ni yupi?"

"Hao wanaobaki hawajawahi kulalamika."

"Hilo si jibu, dada."

"Dada, mimi mwenyewe hisabati nilipata F. Unaingia au huingii? Foleni ndefu."

Ninaingia, na ndani ni jiko la shangazi yangu kule Muheza, moshi mtupu. Kyu mmoja yuko mgongoni. Mwingine amenishika mkono wa kushoto, mwingine wa kulia. Wote wana uzi. Nawatazama, siwezi kuwatofautisha, na naona aibu, maana mzazi hatakiwi kuuliza mwanawe ni yupi.

Wa kushoto na wa kulia wanachungulia kupitia mbele ya tumbo langu. Wanaonana. Wanatabasamu kama watu waliopotezana sokoni, wanapeana mikono, hawapo.

Mgongoni uzito umebaki, lakini ninaogopa kugeuza shingo. Sijui kama ni yeye. Sijui hata kama uzito ni ushahidi.

"Mbili," nikasema.

Moshi ukaniingia machoni.

"Mbili, mwanangu. Tafadhali."

"Nne," akajibu, kwa sauti yake ya kuchoka. Nililia kwa nguvu, tangazo liwepo lisiwepo.

"Kidawa! We Kidawa, amka. Nani kafa?"

Alikuwa Tunu, tunayetumia naye ofisi moja. Nilivuta kalamu, nikapiga mistari juu ya hoja yote ya ghorofa pacha, nikaanza upya na ghorofa ya mlango wa tatu. Hoja ikakubali. Kyu hakuwa sifuri.

Tunu aliningoja nimalize, kisha akaweka kikaratasi mbele yangu.

"Haya, saini hapa. Nimeambiwa nisiondoke mpaka usaini."

Kilikuwa kimeandikwa kwa penseli: "Yameshuka matatu. Limepokelewa moja."

"Nani kakupa?"

"Mlinzi wa chini."

"Chini wapi, Tunu? Jengo letu halina ghorofa."

Tunu akatazama sakafu, akarudisha macho kwangu.

"Hilo ndilo nililotaka unieleze wewe," akasema.

Nikasaini.